Mawe ya Jumanne na Ijumaa

Njaa ilikuwepo mwaka ule, lakini kilichomla Consolate ndani kwa ndani kilikuwa ile asante. Alikuwa amemwambia Révérien asante kwa mdomo wake mwenyewe. Tena alimkimbilia njiani na kibuyu cha kasikisi, pombe ya ndizi iliyobaki kwenye matanga ya mumewe, ili mgeni asiondoke na koo kavu. Mtu yule akanywa, akafuta midomo kwa mkono wa shati, akasema, "Usijali, shemeji, siye ni watu wa nyumba moja." Nawaambia, kudhulumiwa ni jambo moja. Kudhulumiwa halafu ukashukuru ni jambo jingine kabisa, na hilo la pili halikupi usingizi.

Ngoja nilieleze kuanzia mwanzo, maana nitazungumza juu ya mlango, na watu wa mjini mtadhani ni mlango wa nyumba.

Pale Ruzizi inapokaribia kuingia ziwani, upande wa Uvira, mto hugawanyika mikono mikono. Mmoja wa mikono hiyo, ulio mwembamba, watu wa bondeni walikuwa wakiuwekea uzio kila masika. Uzio ulikuwa wa vigingi na matete, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na ndani yake waliacha nafasi saba. Kila nafasi waliiita mlango, na kila mlango ulikuwa na nyumba yake. Mvua zikikolea, kambale hutoka ziwani wakapanda kwenda kutaga katika nyasi zilizofunikwa na maji. Hawana pa kupita ila kwenye ile milango, na mlangoni wanakuta mgono, kile kitego kirefu cha kusuka ambacho samaki huingia bila shida na kutoka hatoki. Miezi miwili watu walihamia pale na vyungu vyao na chanja za kukaushia samaki. Watu wa Mulenge waliteremka na siagi, wanawake wa Kilibula walikuja na chumvi na sabuni, na kila mtu aliondoka na mafuta kwenye vidole. Msimu ukiisha uzio unang'olewa, watu wanarudi kwenye pamba ya Wabelgiji.

Sasa, milango haikuwa sawa. Wa tatu ulikaa juu ya kilindi, na kambale wakubwa hupenda kilindi. Huo ulikuwa wa nyumba ya Damien, mume wa Consolate, tangu zamani za babu yake. Wa saba ulikuwa kando ya ukingo wa kushoto, tope tupu, na watu waliuita mlango wa vyura. Mwenyewe alikwisha kwenda zake Usumbura kutafuta kazi, na hakuna aliyeutamani.

Na kulikuwa na sheria. Siku ya kufungua uzio, kabla jua halijapanda juu ya milima ya Urundi, kila nyumba inapigilia kigingi chake cha kwanza, kwa mkono wa mtu wa nyumba ile ile. Huwezi kutuma kibarua. Nyumba ambayo mtu wake hakutokea, mlango wake unakwenda kwa yeyote aliyepigilia kigingi pale, na utabaki wake maadamu haachi kuja. Hakuna kurudishiwa. Sheria kali, najua, lakini iliwazuia watu kukatana mapanga kwa miaka mingi, na wote waliikubali.

Damien alikufa kwa homa mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1955. Alimwachia Consolate watoto wawili, mama mkwe mzee aliyeitwa Pudentienne, shamba la pamba na mlango wa tatu. Kati ya vyote hivyo, chenye kulisha watu kilikuwa mlango.

Kwaresima ilipoingia, mvua zilikuwa zimekwisha kushika. Jumapili ya kwanza Pudentienne alibanwa na kifua, Consolate akabaki nyumbani kumkanda, hakwenda misa. Na Jumapili ile ile, mbele ya kanisa, mzee Ndihokubwayo, msimamizi wa uzio, alitangaza kwamba maji yamefika kwenye alama na kwamba kesho asubuhi uzio unafunguliwa. Watu wote walisikia. Révérien naye alisikia. Alikuwa binamu wa Damien na mwenye mlango wa pili, na ndiye aliyesema atampelekea mjane habari.

Alimpelekea. Alifika akavua kofia, akamuuliza Pudentienne hali ya kifua, akakaa. Kisha akasema:

"Uzio umesukumwa mpaka Jumatano, shemeji. Bwana agronome anapita Jumatatu kuangalia pamba, kila nyumba ikutwe mu shamba. Asiyekutwa ni faini, ao gereza ya Uvira. Nikasema nikuambie mapema, maana weye uko peke yako."

Msimlaumu Consolate kwa kuamini. Miaka ile, jina la agronome, bwana shamba wa Wabelgiji, likitajwa, mtu aliacha ugali mkononi. Mwenye mume angeweza kumtuma mumewe akaulize. Mjane alikuwa na jembe tu. Akasema asante, akakimbia kuleta kibuyu, na hayo mengine nimekwisha yasema.

Jumatatu alikuwa shambani kabla ya mapambazuko. Alipalilia mpaka mgongo ukawaka. Jua lilipopanda akaona mashamba yote matupu, hakuna hata mtu mmoja, na akawahurumia. Alisema moyoni mwake, maskini, watafungwa hawa wote. Shamba la Révérien lilipakana na lake, na lilikuwa limejaa majani. Consolate, basi, akavuka mpaka akampalilia mistari mitatu ya mbele, ili agronome akipita asimwone shemeji yake mvivu. Mistari mitatu. Hilo aliliweka moyoni pamoja na asante.

Saa nane mchana mwanamke mmoja wa Kilibula, muuza chumvi, alipita barabarani na kambale mbichi juu ya sinia. Alimwona Consolate ameinama, akasimama.

"Mama, mbona weye uko huku? Wenzako wanavua tangu asubuhi."

Ni mwendo wa saa moja na nusu kutoka pale hadi mtoni. Consolate aliukata kwa saa moja, na tope la pamba miguuni. Alipofika, kigingi cha Révérien kilikuwa kimesimama katika mlango wa tatu, na mgono ulikuwa majini.

"Mzee, minye niliambiwa Jumatano," alimwambia Ndihokubwayo mbele ya watu wote. "Huyu alikuja nyumbani akaniambia Jumatano."

Révérien alitikisa kichwa kwa huruma. "Nilimwambia Jumatatu. Shemeji mwenyewe akajibu ameacha uzio, ati muke peke yake hawezi. Musimukasirikie. Tangu yaya Damien, kaka yetu, afe, huzuni imemuvuruga akili."

Pale ndipo wanawake wengine walipoanza kumtazama Consolate kwa macho ya pole, na mmoja akataka kumshika mkono amkalishe. Shahidi pekee, Pudentienne, alikuwa mgonjwa nyumbani, mbali. Ndihokubwayo alitazama maji. Alikuwa mtu wa haki kwa kawaida yake, na asubuhi ile alikuwa ameshangaa kutomwona mtu wa nyumba ya Damien, lakini hakumtuma yeyote akaulize. Sasa ingembidi aseme kwamba alikosea. Akasema, "Sheria ni sheria, mwanangu. Mulango wa saba hauna mutu."

Basi masika ile Consolate akavua vyura. Kambale aliowapata hawakuzidi urefu wa kiganja. Watoto wake walikula sombe ya majani ya muhogo bila samaki, siku nyingine sombe bila chumvi, na kanga zake mbili nzuri zilikwenda Kilibula zikarudi zikiwa unga wa muhogo. Révérien alinunua baiskeli. Ilikuwa nyeusi, na ilikuwa na kengele. Kila alipopita mbele ya nyumba ya Consolate aligonga kengele mara mbili, akainua kofia, akasema, "Shemeji," kwa adabu kabisa. Mtu anayekutukana unaweza kumrudishia. Yule alikuwa anamsalimu.

Consolate hakulia mbele ya mtu, wala hakwenda kwa mganga. Alitaka vitu viwili: mlango wake na asante yake, na aliapa kwamba Révérien atavirudisha vyote viwili akiwa na akili timamu.

Mwezi wa sita maji yalishuka. Uzio ulikuwa umekwisha ng'olewa, wanaume wako ziwani kuvua ndagala au kwenye mavuno ya pamba, na huko mtoni hakukuwa na mtu. Consolate alikwenda kukata matete ya kusuka mikeka, apate cha kuuza. Juu kidogo ya mahali pa uzio, kwenye kona ya mto, alikuta gogo kubwa limekwama upande wa kulia. Akalitazama kwa sababu alikuwa amechoka na hakuwa na haraka. Maji yalikuja, yakaligonga gogo, yakakengeuka kidogo kwenda kushoto. Nyuma ya gogo, mchanga ulikuwa umejijaza wenyewe kimya kimya. Akaingia mpaka magotini, akapapasa kwa mguu. Kabla ya gogo palikuwa na kina, nyuma yake palikuwa pagumu kwa mchanga.

Alikaa ukingoni mpaka jua likageuka. Halafu akacheka peke yake, kwa mara ya kwanza tangu matanga.

Kule mdomoni mwa Ruzizi hakuna mawe, ni mchanga na tope. Mawe yako juu, kwenye vijito vinavyotoka mlimani, karibu na barabara, karibu na nyumba yake. Jumanne iliyofuata alijaza mawe katika kitunga, akafunika kwa majani ya muhogo, akaweka kata kichwani, akaubeba mzigo ule saa moja na nusu hadi mtoni. Aliyaweka mawe penye gogo, akakata matete, akarudi na mzigo wa matete. Kila aliyemwona alimwona mjane anayesuka mikeka. Ijumaa akaenda tena. Jumanne nyingine, na Ijumaa nyingine.

Wiki ya tatu Pudentienne alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni pa nyumba, anachambua maharage. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, lakini masikio yalikuwa mazima. Consolate alipoinua kitunga, kitu kiligongana ndani.

"Unabeba nini mu kitunga?" aliuliza yule mzee.

"Majani ya muhogo, mama."

"Majani yako yanapiga kelele."

Consolate alisimama na kitunga mikononi. Ilimbidi akumbuke kwamba Révérien ni mtoto wa shemeji yake Pudentienne, na kwamba mzee huyu alimlea miaka minne mama yake alipokufa. Angeweza kudanganya tena. Hakutaka.

"Mawe," alisema.

Pudentienne aliendelea kuchambua. Alitupa haragwe bovu, akatupa jingine. Yeye mwenyewe alizaliwa kwenye mto ule, na baba yake alikuwa msimamizi wa uzio kabla ya Ndihokubwayo. Hakuuliza mawe ya nini.

"Makubwa chini, madogo juu," alisema mwishowe. "Na usizibe. Ukiziba, watu wataona. Pindisha kidogo tu, upige vigingi viwili vitatu uvifungie matawi, mchanga utamaliza kazi yenyewe."

"Mama, ni mtoto wako."

"Njo maana nasema makubwa chini. Mtoto wangu nilimufundisha kusema kweli. Kama alisahau, si nimukumbushe?" Akasukuma ungo pembeni. "Na siku ile alipokuja, alikaa pale, akaniuliza kifua changu. Nikamwambia Mungu akubariki. Hata minye niko na deni yangu."

Kwa hiyo asante zilikuwa mbili katika nyumba ile, moja ya kijana na moja ya mzee, na kazi ikaenda mbele kwa nguvu zaidi.

Consolate alibeba mawe mwezi wa sita, wa saba, wa nane, mpaka mvua za kwanza za mwezi wa kumi. Jua la kiangazi lilimchoma, mamba walilala upande wa pili wakimtazama, na siku moja kiboko alimfukuza akaacha kitunga na matete vyote. Ijumaa ile alirudi mikono mitupu. Jumanne alikuwa pale tena. Mzigo wa mawe si mzigo wa majani: kata ilikula nywele zake za utosini, kwanza zikawa nyembamba, kisha zikatoka zote, pakabaki upara wa duara. Alifunga kitambaa. Watu walisema mjane anajipendezesha, labda anatafuta mume. Aliwaacha waseme.

Kwa padri aliungama kila mwezi kama kawaida. Aliungama hasira, aliungama kumpiga mtoto, aliungama kukosa misa. Mawe hakuyataja. Alitafuta katika katekisimu yote aliyofundishwa, na kubeba mawe hakukukuta kati ya dhambi.

Na Révérien alipita na baiskeli. Kengele mara mbili. "Shemeji." Mwaka ule Consolate alianza kumwitikia kwa tabasamu, na yule akadhani amesamehewa. Siku moja hata alisimama kusifia mikeka yake.

Kwaresima ya mwaka 1957 iliingia na mvua nyingi. Jumapili ya kwanza Consolate alikuwa kanisani, benchi ya mbele, na alisikia kwa masikio yake mawili Ndihokubwayo akisema kesho. Asubuhi yake alikuwa wa kwanza kufika mtoni. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo kutoka ukingo hadi ukingo, na hakuna jicho lililoweza kuona chini. Watu walipopigilia vigingi vyao, yeye alipigilia chake katika mlango wa saba. Révérien alikuwa mlango wa tatu na nyundo yake ya mti, kifua wazi, anafurahi. Wa pili alikuwa amemwachia mkwewe.

"Shemeji, vyura watanona mwaka huu?" aliuliza kwa sauti, na watu wakacheka kidogo.

"Tutaona," alijibu Consolate.

Wiki ya kwanza, niwaambie kweli, aliteseka. Mgono wake ulitoka na tope. Wa Révérien ulitoka na kambale watatu wazuri, na Consolate alirudi kibandani kwake akijiuliza kama alipoteza nywele zake bure. Pudentienne, aliyeletwa safari hii kwa machela kwa sababu alikataa kubaki, alimwambia anyamaze na asubiri maji makubwa.

Maji makubwa yalikuja siku ya tisa. Mvua ilinyesha milimani siku mbili bila kupumua, na Ruzizi ikajaa nguvu. Maji yalishuka mpaka kwenye kona, yakagonga mawe, yakakengeuka. Siku ya kumi na moja Consolate alivuta mgono wake na ukakataa kutoka. Aliita watu wawili wakavuta naye. Ulipotoka ulikuwa umejaa kambale warefu kama mkono wa mtu mzima, wanajipinda, wengine wameng'ang'ania kati ya fito. Mlango wa vyura ulikuwa kilindi. Watu walikuja kutazama, wakatazama tena.

Na katika mlango wa tatu maji yalianza kupungua. Kwanza yalifika kifuani, kisha kiunoni. Mwisho wa wiki ya tatu Révérien alikuwa anasimama katika mlango wake na maji yanamfika kwenye kifundo cha mguu, na mgono wake umelala juu ya mchanga, mkavu nusu. Alifanya kila kitu. Alisuka migono mipya. Alichimba mchanga kwa jembe mchana, na kesho yake ukarudi. Alisema amerogwa, akamtazama kila mtu isipokuwa mjane aliyevurugwa akili. Alikwenda hadi Uvira kumwomba padri aje abariki maji, na padri akamwambia mito huhama, ndiyo desturi yake. Na kweli mito huhama. Wengine husaidiwa kidogo.

Ila kuna jambo moja Consolate hakulipanga. Mchanga haukuangalia majina. Ulijaza mlango wa tatu, na wa pili wa mkwewe Révérien, ukaendelea ukajaza wa nne, na wa nne ulikuwa wa Ndihokubwayo. Mzee alikuja asubuhi moja, akasimama mbele ya chanja za Consolate mbele ya watu wote, na mgono mtupu begani.

"Mwaka jana nilipaswa kumutuma mutu kwako," alisema. "Ni saa moja na nusu tu. Sikumutuma. Nilikosea, na nilikosea tena ulipokuja, nikaona haya kusema. Ukininyima nafasi, sitalalamika."

Consolate alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi, lakini si kwa hilo. Moyo wake ulikuwa umejifunga kama ngumi mwaka mzima, na kwa muda kidogo hakujua afanye nini na mtu anayesema nilikosea. Akasogeza mgono wake mmoja pembeni. "Weka wako hapa, baba," alimwambia. Pudentienne alikohoa ndani ya kibanda, na hakuna aliyejua kama ni kifua au kicheko.

Révérien naye aliona. Alisubiri siku nne. Nyumbani kwake kulikuwa na watoto sita, na hakuna aliyekuwa amezoea sombe tupu. Siku ya tano, saa sita mchana, alikuja akisukuma baiskeli. Watu walikuwa kwenye chanja zao, moshi umetanda. Ndihokubwayo alikuwa ameketi hatua kumi kutoka pale, anashona mgono. Révérien alivua kofia.

"Shemeji, mwaka huu mutoni imenigeuka. Sina cha kulisha watoto. Siye ni watu wa nyumba moja."

Consolate alimtazama. Alikuwa amesikia sentensi ile mara elfu, usiku na mchana, njiani na kitunga kichwani. Alichagua kambale mkubwa kuliko wote waliokuwa juu ya chanja, mnono, aliyekauka vizuri, akamfunga kwa majani ya mgomba, akampa kwa mikono miwili.

"Asante, shemeji," alisema Révérien.

"Sema tena. Moshi umenijaa masikioni."

"Asante sana, shemeji," alisema kwa sauti zaidi, na watu wakageuka.

"Karibu. Na ngoja, iko na habari nikupe, usije ukakosa." Sauti yake ilikuwa ya upole, sauti ya mtu anayemjali mwenzake. "Bwana agronome anapita Jumatatu. Kila nyumba ikutwe mu shamba."

Révérien alibaki na samaki mikononi. Aliangalia mlango wa saba ulivyojaa maji, akaangalia wa tatu ulivyo mchanga, halafu akaangalia kona ya mto kule juu ambako hakuna mtu anayekwenda wakati wa kiangazi isipokuwa mjane anayekata matete. Consolate akafungua kitambaa chake. Aliinamisha kichwa kidogo, ili amwonyeshe yeye peke yake, na yule akauona upara utosini, wa duara, laini, mpana kama sahani ya chai.

"Jumanne na Ijumaa," alimwambia kwa sauti ya chini. "Miezi mitano. Mulango wa tatu ni wako, sheria ni sheria. Kaa nao. Kama unataka kunishitaki, muzee ni yule pale. Nenda umuambie Consolate amepindisha mutoni. Lakini atakuuliza kwa nini, na weye utaanza na ile Jumapili."

Akili ya Révérien ilikuwa inatafuta njia, ungeweza kuiona kabisa, huku na huku, na kila njia ilimrudisha kwenye kibuyu cha kasikisi. Mwishowe alimfunga yule samaki nyuma ya baiskeli, akaanza kuisukuma. Ilibidi apite mbele ya Ndihokubwayo. Mzee aliinua macho kutoka kwenye kushona kwake. Watu wote kwenye chanja walikuwa wanatazama, na Pudentienne alikuwa ametoa kichwa nje ya kibanda.

"Révérien," aliuliza mzee, "kuna habari gani?"

Yule mtu alisimama. Kengele ya baiskeli ilikuwa chini ya kidole chake, na hakuigonga.

"Hakuna habari, baba," alisema, akaenda.

Consolate alifunga kitambaa, akageuza samaki upande wa pili wasiungue. Mlango wa saba alivua miaka mingine minne, na kila kiangazi, Jumanne na Ijumaa, alirudi na mawe machache, kwa kuwa mto husahau haraka. Nywele za utosini hazikuota tena. Hakuna aliyewahi kumsikia akizilalamikia.